Mwongozo kamili: Kujenga sanamu kubwa ya saruji isiyokatika miguu

Picha ninazoletewa zinafanana. Sanamu ya mwanzilishi wa shule, ya mzee wa ukoo, au ya simba kwenye mzunguko wa barabara, imesimama vizuri miaka mitatu minne. Kisha ufa unazunguka kifundo cha mguu kama kikuku, na chini ya ufa michirizi ya kutu inashuka hadi kwenye kitako. Kwingine mkono umekatika begani na umebaki ukining'inia kwenye nondo moja.

Nimewahi kupasua kifundo kimoja cha namna hiyo. Ndani palikuwa na nondo nne za milimita 10, na mbili kati yake zilikuwa zimeliwa hadi kuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo ilikuwa imevimba na kuibandua saruji kutoka ndani. Fundi aliyeijenga alikuwa na mkono mzuri sana wa kuchonga. Uso wa yule mzee ulikuwa hai kabisa, ila alikuwa ameanza kazi kwa uso.

Sanamu kubwa huanzia kwenye kifundo cha mguu. Hapo ndipo uzito wote na upepo wote hukutana, na hapo ndipo mguu ni mwembamba kuliko mahali pengine. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Mfano tutakaoutumia ni sanamu ya mtu aliyesimama, kimo mita 5, mkono mmoja ameunyoosha, juu ya kitako cha mita 1.2. Ni ya ferosimenti, yaani ganda la saruji lililoshikwa na tabaka za wavu juu ya mifupa ya chuma. Vipimo ninavyotoa ni vya kuanzia mazungumzo na mhandisi wako wa miundo. Bila sahihi yake usichimbe hata shimo.

## Vinavyohitajika

Kwa msingi na kitako

- Saruji ya daraja la 42.5, mifuko 55 hivi
- Kokoto za robo tatu ya inchi na mchanga wa mto uliooshwa
- Nondo za milimita 12 kwa msingi, milimita 16 kwa kitako, na milimita 8 kwa ringi
- Mbao za shata (za kuzuia zege lishike umbo), misumari, na vitofali vidogo vya saruji vya kuinua nondo zisiguse udongo

Kwa mifupa

- Bomba 2 za chuma za kipenyo cha milimita 140, unene wa ukuta milimita 5, urefu mita 6 kila moja bila kiungo
- Bomba moja ya milimita 76 kwa ajili ya mabega na mkono
- Nondo za milimita 10 kwa pete za mwili, na za milimita 6 za kusimama
- Bamba la chuma la milimita 10 la kukatia vipande vya kuimarisha viungo

Kwa ganda

- Wavu wa kuku wa mabati wenye matundu ya nusu inchi, rola 4 za mita 30
- Waya wa kufungia nondo, kilo 15
- Saruji mifuko 20 na mchanga uliochekechwa
- Magunia ya katani na karatasi ya nailoni ya kufunikia

Vifaa

Timazi, pimamaji, mashine ya kuchomelea, grainda, koleo za waya, miiko mikubwa na midogo, mizani ya kupimia mchanga, jukwaa la mabomba la kuzunguka pande zote nne, na mikanda ya usalama kwa kila anayepanda. Jukwaa la mirunda na kamba lisitumike kwa kazi hii. Mtu anayebonyeza plasta kwa nguvu zake zote anahitaji kusimama mahali pasipoyumba.

Mchanga wa bahari usiuguse, hata kama umeoshwa mara tatu na hata kama muuzaji anaapa. Chumvi ndiyo inayokila chuma ndani ya saruji.

## Hatua ya 1: Mahali, kibali na udongo

Pata kibali cha halmashauri. Kama ni mzunguko wa barabara, pata pia kibali cha mwenye barabara, kwa sababu sanamu inayozuia dereva kuona itavunjwa hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Chimba shimo la majaribio la mita 1.5. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, simama. Udongo huo huinua upande mmoja wa msingi na kuuacha mwingine. Ama uondoe hadi ufikie udongo mgumu, ama uhamishe sanamu.

Utajuaje umefaulu: chini ya shimo sururu inagonga na kurudi, na baada ya mvua ya usiku mmoja maji hayajasimama humo siku nzima.

## Hatua ya 2: Mfano mdogo na vipande vyake

Finyanga mfano wa sentimita 50, yaani moja ya kumi ya sanamu. Usiruke hatua hii kwa kuwa una picha ya mhusika. Picha haina mgongo.

Mfano ukikamilika, ulaze chini na uutazame kutoka upande wa miguu, macho yakiwa karibu na nyayo. Hivyo ndivyo watu watakavyoiona sanamu kutoka chini. Utaona kichwa kimekuwa kidogo na kidevu kimemeza uso. Ongeza kichwa na mabega kidogo kidogo, na uinamishe uso mbele nyuzi chache, mpaka macho yako yaridhike. Kwa kawaida nyongeza ya sehemu moja ya kumi inatosha.

Kisha toa nakala ya plasta ya Paris na uikate kwa msumeno vipande vya sentimita 2.5, kuanzia nyayo hadi utosi. Utapata vipande 20. Weka kila kipande juu ya karatasi ya miraba, chora ukingo wake, halafu mchoro huo uukuze mara 10 kwenye ubao mwembamba. Kila ubao unawakilisha sentimita 25 za kimo cha sanamu.

Mchongaji Mfaransa Frédéric Auguste Bartholdi alifuata njia ya namna hii kwa Sanamu ya Uhuru ya New York. Alikuza kwa hatua hadi mfano wa robo ya kimo, kisha akaugawa vipande na kukuza kila kimoja mara nne. Kukuza kwa hatua kunasaidia kwa sababu kosa la milimita 2 kwenye mfano wako litakuwa sentimita 2 kwenye sanamu. Litafute likiwa bado dogo.

Onyo: ubao wa kukunjia pete lazima uwe mdogo kuliko mchoro kwa sentimita 3 kuzunguka pande zote. Juu ya pete kutakuja wavu na plasta. Hili ndilo kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote: fundi anakunja pete kwa kipimo kamili, anapiga plasta, na kifundo cha mkono kilichopaswa kuwa na sentimita 17 kinakuwa na 23. Sanamu nzima inanenepa, na familia inasema "siye yeye" bila kujua kwa nini.

Utajuaje umefaulu: ukizipanga mbao 20 zikiwa zimesimama kwa mfuatano, ukafumba jicho moja, unaona kivuli cha mtu wako.

## Hatua ya 3: Hesabu ya uzito na upepo

Usiogope hesabu hii, ni fupi, na ndiyo inayoamua kama sanamu itabaki.

Ukikuza kitu mara 10, eneo la ngozi yake linakua mara 100, na ujazo wake unakua mara 1,000. Ndiyo maana mfano mdogo unaosimama kwa waya mmoja haukuthibitishii kitu kuhusu sanamu kubwa.

Mtu wa mita 5 mwenye koti ana ngozi ya mita za mraba 18 hivi. Ganda la sentimita 5 juu yake, pamoja na chuma, ni karibu tani 2 na nusu. Ukimjaza saruji yote ndani, anafika karibu tani 5, na tani hizo za ziada hazimpi nguvu yoyote anayohitaji. Hata Sanamu ya Mama wa Nchi kule Volgograd, Urusi, yenye mita 85 pamoja na upanga, iliyokamilika 1967, ni tupu ndani, na kuta zake za zege zina unene wa sentimita 25 hadi 30 tu. Jenga ganda.

Sasa upepo. Dhoruba ya kilomita 144 kwa saa inasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 100. Sanamu yetu inaukabili upepo kwa mita za mraba 6 na nusu. Ukizingatia umbo lake, jumla inafika kilo 850 hivi, karibu uzito wa Toyota Vitz ulioegemezwa kitovuni. Nguvu hiyo iko mita 2.6 juu ya nyayo, kwa hiyo kwenye vifundo vya miguu inafanya kazi kama wenzo mrefu.

Bomba mbili za milimita 140 zinabeba mzigo huo zikiwa na akiba. Nondo nne za milimita 10 haziwezi. Angalia pia jambo hili: kifundo cha mguu cha mtu wa mita 5 kina upana wa sentimita 20 hivi. Bomba ya sentimita 14 inaingia humo, na inabaki sentimita 3 za saruji kila upande. Hakuna nafasi ya kucheza. Ukichagua sanamu ya kanzu, gauni au joho linalofika chini, umejipa nafasi kubwa ya kuficha chuma, nami nakushauri hivyo kama ndiyo kazi yako ya kwanza. Wahenga wa kazi hii waliijua shida ya miguu. Sanamu kubwa ya kale ya Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, tetemeko lilipoipiga, ilikatika magotini.

Kama sanamu itashika mkuki, bendera au upanga, mpe mhandisi kipimo chake tangu mwanzo. Upanga wa kwanza wa Volgograd, uliofunikwa kwa mabamba ya titani, ulishika upepo na kupiga kelele hadi ukabadilishwa mwaka 1972 kwa mwingine wenye matundu ya kupitisha upepo. Bendera ya saruji ni tanga.

Utajuaje umefaulu: unayo karatasi yenye uzito, nguvu ya upepo, kipimo cha bomba na sahihi ya mhandisi.

## Hatua ya 4: Msingi, kitako na kusimamisha bomba

Chimba mita 2.4 kwa 2.4, kina mita 1.2. Mwaga zege jepesi la sentimita 5 ili upate sakafu safi, kisha panga nondo za milimita 12 kila sentimita 15 pande zote mbili, zikiwa juu ya vitofali vya sentimita 5. Mwaga sahani ya msingi ya sentimita 40 kwa zege la 1:1½:3, yaani saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu.

Kabla ya kumwaga, simamisha nondo za kitako. Kitako ni cha mita 1.5 kwa 1.5, kinatoka kwenye sahani, kinapanda sentimita 80 hadi usawa wa ardhi, kisha mita 1.2 juu yake.

Sasa bomba. Hapa usikubali njia ya mkato. Fundi wengi humaliza kitako, wakaweka bamba juu yake na kuchomelea miguu kwenye bamba. Wanakuwa wametengeneza kiungo mahali pale pale penye mzigo mkubwa kuliko pote, na pale pale maji yanapotuama.

Bomba isimame juu ya sahani ya msingi na ipite katikati ya kitako chote bila kukatwa. Bomba ya mita 6 itakuwa na mita 2 ndani ya zege na mita 4 juu, ambayo inafika chini kidogo ya mabega. Chomelea vipande vya nondo nene kama msalaba kwenye sehemu itakayozikwa, ili zege liishike isizunguke wala isivutike.

Piga timazi kwenye bomba zote mbili, mbele na ubavuni. Zifunge kwa mbao za mshazari, kisha piga timazi tena baada ya kumwaga kila sentimita 50 za zege. Bomba ikilala sentimita 1 kitakoni, begani itakuwa imelala 2 hadi 3.

Juu ya kitako usiache tambarare. Kipe mteremko kidogo kutoka miguuni kwenda nje pande zote. Maji yasiyotuama kifundoni ni miaka mingi zaidi ya maisha ya sanamu.

Utajuaje umefaulu: siku 7 baada ya kumwaga, mwaga ndoo ya maji katikati ya miguu. Dakika mbili baadaye pawe pakavu. Watu wawili wakisukuma bomba juu kabisa, isitoe sauti wala kutikisa kitako.

## Hatua ya 5: Mifupa

Unganisha bomba mbili kwa vyuma vya kukingama kwenye nyonga, kwenye kiuno na mabegani. Jaza ndani ya bomba zege laini na uzibe juu, ili pasibaki hewa ya kutoa jasho na kutu.

Mkono ulionyooshwa. Nitakaa hapa, kwa sababu hapa nilianguka mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilijenga sanamu ya mwalimu kwenye shule moja, mkono wake ukionyesha mbele. Bomba la mkono nililichomelea ubavuni mwa bomba la mwili, kwa pasi nene, yaani mshono wa kuchomelea, nikaona limeshika. Masika ya mwaka wa nne mkono ulianguka usiku. Mungu alisaidia hapakuwa na mtoto chini. Asubuhi nilikuta pasi yangu nzima, haina ufa. Kilichochanika ni ukuta wa bomba pembeni ya pasi.

Mkono wa sanamu ya mita 5 una urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 250 hivi. Uzito huo hauvuti kwenda chini tu, unazungusha bega. Kwa hiyo chuma cha mkono kisiishie begani. Bomba ya milimita 76 ipite mbele ya bomba ya kwanza, ivuke kifua, ishikwe na bomba ya pili, na kila panapokutana chuma na chuma pawekwe vipande vya bamba vya pembetatu juu na chini. Mkono mmoja unabebwa na mwili mzima.

Yesu Mkombozi wa Rio de Janeiro, aliyekamilika mwaka 1931, ana kimo cha mita 30, na mikono yake ina mita 28 kutoka ncha hadi ncha. Mhandisi Heitor da Silva Costa hakuibandika mikono ile mwilini: zege lenye chuma limevuka mwili kama mti wa msalaba.

Mkono ukishakaa, upime kabla ya plasta. Ning'iniza mifuko 5 ya saruji katikati ya mkono, mtu asisimame chini, uache saa moja. Ncha ya mkono ikishuka zaidi ya sentimita 1, au isiporudi mifuko ikiondolewa, kata na uanze upya.

Pete. Kunja nondo za milimita 10 kwa kufuata mbao zako, pete 20, na uzifunge kwenye bomba kila sentimita 25 kwa vyuma vifupi. Kisha simamisha nondo za milimita 6 kila sentimita 10 kuzunguka, zikifuata miinuko na mabonde ya mwili. Mikunjo ya koti iwekwe kwenye chuma tangu sasa. Mkunjo unaojengwa kwa plasta peke yake hudondoka.

Piga rangi ya kuzuia kutu kwenye bomba na kila mahali palipochomelewa. Nondo zitakazofunikwa na plasta ziachwe bila rangi, saruji izishike vizuri, lakini zisuguliwe kwa brashi ya waya.

Utajuaje umefaulu: rudi nyuma mita 20 jioni, jua likiwa nyuma ya sanamu. Mifupa mitupu tayari inaonyesha ni nani. Kama haonekani sasa, plasta haitamleta.

## Hatua ya 6: Wavu

Tabaka mbili za wavu nje ya pete na mbili ndani, zikipishana matundu. Funga waya kila sentimita 15, na ncha zote zikunjwe kuelekea ndani, kwa sababu ncha moja inayochungulia nje ni mlango wa kutu.

Acha dirisha la sentimita 50 kwa 60 mgongoni bila wavu. Mkono wako utapita hapo kupaka upande wa ndani. Acha pia matundu ya kutolea maji nyuma ya visigino, na tundu moja la kupumulia chini ya kwapa. Ndani ya ganda joto la mchana na baridi ya usiku huzaa umande, na umande usipotoka unarudi kwenye chuma.

Utajuaje umefaulu: bonyeza wavu kwa kiganja popote. Usibonyee kama godoro.

## Hatua ya 7: Plasta

Pima kwa mizani, si kwa sepetu. Mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga mkavu kilo 100 uliopita kwenye chekecheke laini, na maji lita 20. Mchanganyiko utaonekana mkavu na mafundi watalalamika. Wavumilie, usiongeze maji. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vinyweleo, na vinyweleo ndivyo vinavyopitisha mvua hadi kwenye chuma. Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja.

Anza miguuni ukielekea juu. Bonyeza plasta kutoka nje kwa kidole gumba na mwiko hadi uione inatokeza ndani ya wavu kama uji mzito. Mwenzako, kupitia dirisha la mgongo na kutoka juu, aisambaze iwe laini ndani. Ukipaka nje na nje tena, unaacha mifuko ya hewa kati ya tabaka, na mifuko hiyo itajaa maji.

Vifundo vya miguu, magoti na mabega vimalizwe kwa mkupuo mmoja. Ukilazimika kulala, acha kiungo cha kazi katikati ya paja au katikati ya kifua, kiwe cha mshazari na chenye mikwaruzo, na kesho ukipake uji wa saruji kabla ya kuendelea.

Fanya kazi asubuhi na jioni. Jua la saa sita likipiga plasta mbichi, nyufa nyembamba huonekana kabla hujashuka jukwaani.

Utajuaje umefaulu: kesho yake gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti iwe moja, nzito, kutoka ugoko hadi kifuani. Penye mwangwi pachimbwe na kujazwa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Kumwagilia

Siku 14, bila kuruka hata moja. Vika sanamu magunia, yalowe mara tatu kwa siku, na juu yake nailoni. Weka mtu mmoja mwenye jukumu hilo na umlipe. Saruji haikauki ili iwe ngumu, inakunywa maji ili iwe ngumu. Nimeona kazi nzuri ya wiki sita ikiharibika kwa sababu mwagiliaji alikwenda msibani na hakuna aliyeshika zamu.

## Hatua ya 9: Uso na viganja

Sasa ndiyo zamu ya uso, ulioungoja siku zote. Tumia mchanga laini zaidi, tabaka zisizozidi sentimita 1, na chonga plasta ikiwa imeshika nusu.

Uso wa juu hausomwi kwa mistari, unasomwa kwa vivuli. Mboni za macho zichimbwe, zisichorwe. Kope la juu litokeze kuliko la mtu halisi. Shuka jukwaani kila baada ya nusu saa, uangalie kutoka mita 20, mara moja saa nne asubuhi na mara moja saa kumi jioni, kwa maana jua la asubuhi na la jioni hukuonyesha watu wawili tofauti. Mwite mtu aliyemfahamu mhusika. Msikilize akisema "mdomo", hata kama hajui aseme nini zaidi.

Vidole viwe na nondo ya milimita 6 kila kimoja, iliyofungwa hadi ndani ya kiganja.

## Hatua ya 10: Radi, rangi na maji

Sanamu ni kitu kirefu kilichosimama peke yake. Januari 2014 radi iliing'oa ncha ya kidole gumba cha Yesu Mkombozi wa Rio. Radi isiyopewa njia hupita kwenye unyevu wa saruji, unyevu unageuka mvuke ghafla, na saruji inapasuka. Kwetu, hasa maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, weka kinga ya radi: ncha juu, waya wa shaba wa milimita za mraba 50 ukishuka mgongoni, na fimbo za ardhini zilizopimwa na fundi umeme hadi usomaji wa omu 10 au chini.

Onyo: shaba isifungwe moja kwa moja kwenye chuma mahali panapolowa. Tumia vishikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya metali mbili. Sanamu ya Uhuru ya New York ina ngozi ya shaba ya milimita 2.4 tu, iliyoshikwa na vyuma ndani. Kitambaa cha asbestosi kilichowekwa kuzitenganisha metali hizo kilichakaa, chuma kikaoza na kuvimba, na ribiti zikang'oka. Kwenye ukarabati uliokamilika mwaka 1986 vyuma vile vilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Rangi isubiri siku 28. Chagua rangi ya ukuta wa nje inayoruhusu saruji kupumua. Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya "shaba bandia", hufunga unyevu ndani na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Anzia vifundoni: pale paka tabaka mbili za ziada za kinga ya maji kabla ya rangi.

Utajuaje umefaulu: mvua kubwa ya kwanza, simama chini ya mwavuli uangalie. Maji yatoke kwenye matundu ya visigino, yapite juu ya mteremko wa kitako na kuanguka nje.

## Baada ya kukabidhi

Mkabidhi mwenye sanamu kitu kimoja zaidi: nyundo ndogo. Kila baada ya masika, mtu apande ngazi na kugonga taratibu vifundo vya miguu, magoti, mabega na mkono. Akisikia mwangwi, au akiona ufa unaoingiza ukucha, asimwite fundi wa rangi. Patobolewe hadi kwenye chuma, chuma kisuguliwe hadi king'ae, kipakwe uji wa saruji, na kijazwe kwa mchanganyiko ule ule wa kilo 50, 100 na lita 20, kisha pafungwe gunia lililolowa kwa siku 14.